Karatasi Yenye Mwandiko wa Mwalimu

Baba yangu alinuka nafutalini. Baba za wenzangu walinuka sigara, jasho la bandarini au pombe ya jana. Wangu alinuka vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, na nilipoinua kifuniko cha sanduku lake, wiki mbili baada ya kumzika, harufu ile ilinipiga nikarudi nyuma hatua nzima. Mwanamke mzima mie, mwenye watoto wa sekondari, nikajikuta nazitazama kucha zangu kama ni safi.

Sikulifungua lile sanduku kwa hiari yangu. Kamati ya kanisa kuu, watu watano wenye suti zao, walikuja nyumbani Mwananyamala, wakakaa kwenye makochi ya Mama, wakanywa soda, wakasema wanataka karatasi moja halisi yenye mwandiko wa Mwalimu, ya wimbo ule, waitie kwenye fremu ya kioo na kuitundika ukutani karibu na kinanda. Waliposema "wimbo ule" hawakuutaja jina, na wala hapakuwa na haja. Siku ya mazishi kwaya ilipofika pale karibu na mwisho, mahali besi inapokwenda kusikotegemewa, kanisa zima lililia, watu wazima na masharubu yao. Mmoja akarekodi kwa simu. Hadi leo kipande hicho kinazunguka kwenye magrupu, na kila anayenitumia anaandika chini yake kwamba Mungu alimpa baba yako kipaji, dada. Sijamjibu hata mmoja.

Nitaeleza kwa nini. Atakayeona namvunjia marehemu heshima aniwie radhi, na asipotaka kuniwia radhi basi na aache.

Baba alikuwa mpiga kinanda wa kanisa kuu mjini, na mtunzi wa nyimbo. Watu walimwita Mwalimu, kama wanavyoitwa walimu wote wa kwaya hata wale wasiojua do inakaa wapi. Alifundishwa na mapadre wa kizungu kwenye seminari moja ya kusini, akatoka huko bila upadre lakini na vitu viwili mkononi: kujua kupiga kinanda cha mabomba, na dharau. Hicho cha pili alikifanyia mazoezi kila siku, hakikupata kutu. Vinanda vya umeme vya parokia zetu, vile vyenye ngoma ndani, aliviita mashine za kusaga. Kwaya za Temeke na Chamazi aliziita za kufukuzia ndege shambani. Wapakuzi wa Kurasini walioimba besi alisema wanaimba kama wanavuta kamba. Majirani zetu wa Mwananyamala, waliomwamkia kila asubuhi kwa adabu, aliwajibu "marahaba" huku akitazama juu ya vichwa vyao.

Na mie nilimwamini, jamani. Mtoto anaamini. Niliona kweli sie ni watu wa namna nyingine, tuliotupwa Mwananyamala kwa bahati mbaya. Jumapili nilipopanda naye ngazi za kanisa kuu hadi kwenye roshani ya kinanda, palipokuwa pananuka mbao za kale na mavi ya popo, niliyatazama yale mabomba makubwa ya mbele yanayong'aa nikawa nayapigia goti kimyakimya. Nilidhani sauti yote ya duniani imo humo. Siku moja fundi alikuja kusafisha, akanieleza huku anacheka kwamba yale ya mbele ni mapambo, hayana upepo, hayajawahi kulia tangu yafungwe. Yanayolia yako ndani, kwenye vumbi, mengine madogo kama kalamu. Nilikasirika nikamwona fundi mwongo.

Kupiga kinanda Baba alijua, hilo simnyimi. Alikuwa na viatu vyake vya soli nyembamba, vya kukanyagia zile mbao za chini zinazotoa sauti nzito, akivibeba kwenye mfuko wa kitambaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Akikaa kwenye benchi mgongo unanyooka, mikono inakwenda huku na miguu inakwenda kule, na ukuta mzima unatetemeka. Nilitaka kitu kimoja tu maishani, na nilikitaka mpaka usingizini: kukaa kwenye lile benchi, nikanyage, ukuta utetemeke kwa ajili yangu.

Nilikuwa na kazi yangu katika mambo yake. Baba alitunga mezani sebuleni, bila kinanda, akiwa na kile chuma cha kupimia sauti anachokigonga kwenye goti na kukitia sikioni. Aliandika nota kwa herufi, kama wanavyoandika watunzi wetu wote, do re mi, mistari minne, mmoja kwa kila sauti, maneno chini yake. Lakini mwandiko wake ulikuwa wa kuku aliyekanyaga wino, wanakwaya walilalamika, na wangu masista shuleni waliusifia. Basi tangu nikiwa darasa la tatu nilikuwa nazinakili nyimbo zake zote kwa usafi kwenye karatasi mpya, kisha yeye anaipeleka stesheneri mkabala na hospitali, wanatoa kopi, kopi zinakwenda kwa wanakwaya. Wakiziona wanasema, Mwalimu siku hizi una mwandiko. Hakuwahi kuwakosoa.

Kwa hiyo ninaposema nyimbo zake nazijua, nazijua kwa kidole. Alitufundisha kwamba do ni nyumbani. Wimbo unatoka, unatembea, unarudi do, na wimbo usiorudi do, alisema, ni mlevi. Zake zote zilirudi, kama karani anayewahi kusaini daftari la mahudhurio. Hazikuwa na kosa. Hazikumliza mtu pia. Watu walizisikia, wakakaa, wakaanza kusoma matangazo ya ndoa.

Ikatangazwa jubilei ya askofu. Kwaya za parokia zote, za mjini na za pembezoni, zingeimba pamoja kanisa kuu, na Baba akaambiwa atunge wimbo wa komunyo. Nyumba ilikuwa kama ina mgonjwa. Tulitembea kwa vidole, redio ilizimwa, Mama alihamishia cherehani yake uani ili isimsumbue. Na mie, katika siku hizo nilipokuwa naandaliwa kwa komunyo ya kwanza na nimejaa imani mpaka inamwagika, nikapata ujasiri wa kumwomba. Hakukataa. Akaniangalia mikono, mbele na nyuma, kama anunuaye samaki.

"Nakili vizuri," alisema. "Jubilei ikipita, Jumapili inayofuata utakaa kwenye benchi."

Sikulala kwa furaha, na kesho yake nikachukua boksi la sabuni, nikalikata, nikachora kinanda kwa rula na kalamu nyeusi, vitufe vyote kwa mistari, na jina la kila nota juu yake. Hicho kikawa kinanda changu. Nilikipiga barazani, nilikipiga chini ya meza wakati wa kusali rozari, mkono wa kushoto hasa, maana Baba alisema mkono wa kushoto ndio unaowafichua wajinga. Nilipiga kwa kupanda: do, re, mi, fa, so, la, ti. Vidole vilikuwa na haraka kuliko akili.

Jumamosi moja mchana alimaliza wimbo, akaniwekea mezani, akasema stesheneri inafungwa saa nane. Maneno yake ya mwisho yalikuwa "nyumbani kwako", yanaimbwa mara mbili, na mara zote mbili Baba aliyapeleka do, moja kwa moja, kama kawaida yake. Mie nikanakili kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto, Mungu ananiona, ulikuwa juu ya boksi la sabuni ukiendelea na yake. Nilipofika kwenye besi, pale pa kwanza, nota ilikuwa so kisha do. Kidole cha kushoto kikatoka so kikaenda panapofuata kwenye boksi, la. Mkono wa kulia ukaandika la. Sikuona. Pale pa pili niliandika do vizuri kabisa. Baba akaitazama karatasi kwa mbali, akasema ni safi, akaondoka mbio. Nota hata moja hakuipitia, maana aliamini hakuna kitu kinachoweza kuharibika baada ya kutoka mkononi mwake.

Kwaya za pembezoni zilipewa kopi zikajifunzie kwao mwezi mzima. Kwaya ya kanisa kuu aliifundisha mwenyewe kutoka kichwani. Ndiyo maana hakujua kitu mpaka siku ya mazoezi ya pamoja, kwenye ukumbi mmoja Kurasini, malori ya makontena yakipita nje na honi zake. Walikuwa watu mia mbili na ushee. Mama alikuwepo na futi yake shingoni, anapima mabega ya wanakwaya kwa ajili ya majoho. Mie nilikuwa mbele, nimevaa gauni la Jumapili, nimejiona mtu.

Wakafika pale. Besi ya kanisa kuu, watu kumi na wawili, ikaenda do. Besi ya pembezoni, watu mia moja wenye vifua, ikaenda la. Baba akapiga meza. Akauliza ni nani hao. Akajibiwa na kiongozi wa besi ya Kurasini, mpakuzi mmoja wa bandarini ambaye kwa umbo lake watoto tulimwita Mzee Pipa, kwamba ndivyo ilivyoandikwa, Mwalimu. Baba akamnyang'anya kopi yake, akasoma. Nikamwona anatoa kalamu nyekundu mfukoni. Akaizungushia ile nota duara, akaandika neno kubwa pembeni mwa karatasi, akapiga mstari chini yake mara mbili hadi kalamu ikatoboa, kisha akaiinua karatasi juu watu wote waione. Neno lilikuwa UJINGA.

Halafu akanishika kiganja cha mkono akakiinua nacho, karatasi mkono huu na mie mkono huu.

"Mnauona huu mkono?" aliwaambia. "Hautagusa kinanda changu mpaka nife."

Baadhi walicheka, wale wa kanisa kuu. Wa Kurasini hawakucheka. Karatasi akaitupa chini, na sikuiona tena. Nilidhani imefagiliwa.

Alijaribu kuwarekebisha saa mbili nzima. Alipiga meza, alitukana, aliwaapizia mama zao kwa Kilatini. Haikuwezekana. Mzee Pipa alimwambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto wa tajiri bei ya mkaa: "Mwalimu, sie hatusomi, sie tunashika. Na tukishashika ndo tumeshashika." Mwezi mzima walikuwa wameiimba hivyo, wakipakua na kupakia, ikawaingia mifupani. Baba akaamuru wale kumi na wawili wa kanisa kuu wapaze sauti wawafunike. Watu kumi na wawili wawafunike mia. Hesabu hiyo nayo alifundishwa seminari.

Tulipofika nyumbani alichukua boksi langu la sabuni lenye vitufe, akampa Mama, akasema lipepelee jiko. Na Mama akalipepelea. Jioni ile nilikaa uani natazama do re mi inakwenda mbele na nyuma juu ya makaa, ugali ukiiva kwa kinanda changu. Nilimchukia Mama kuliko nilivyomchukia yeye. Ndivyo watoto walivyo, wanamchukia aliye karibu.

Siku ya jubilei nilikaa chini na Mama, siyo kwenye roshani. Wimbo wa komunyo ukaanza. Ulikuwa wimbo wa Baba kama zingine, safi, mkavu, unaotembea kwa kufuata mstari. Ukafika pale. "Nyumbani kwako..." Watu mia wa Kurasini na Temeke na Chamazi wakaenda la, na wale kumi na wawili, waliposikia wimbi lile linakuja, wakatupa silaha wakaenda nalo. Na kinanda kikanyamaza. Nilikisikia kikinyamaza. Baba kule juu alitakiwa akanyage do, mguu ukaogopa, akauinua. Zikabaki sauti tupu za watu. Ilikuwa kama mtu aliyefika kwao baada ya miaka, akashika kitasa, akakuta mlango umefungwa. Kisha maneno yakarudiwa, nyumbani kwako, besi ikashuka do, na mlango ukafunguliwa. Hata mie niliyekuwa na hofu nikasahau kuogopa.

Wimbo ukaisha. Askofu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Bibi mmoja aliyekaa mbele yetu alisema taratibu, "Hee, huyu ametufikisha."

Nje uani, baada ya misa, askofu alimshika Baba mkono kwa mikono yake miwili akamuuliza pale mahali palimjiaje. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao. Baba aliinamisha kichwa, upande kidogo, kama watakatifu wa kwenye picha.

"Ilinijia nikiwa katika sala, Baba Askofu."

Askofu akainua mkono akambariki, yeye na wimbo wake.

Sasa nisikilizeni jinsi mtoto anavyoweza kuwa mpumbavu kwa utakatifu. Sikumwona Baba mwongo. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba mkate, ukiombewa na mwenye mamlaka, unageuka. Kwa nje unaonekana uleule lakini si uleule. Mie nikapiga hesabu yangu: la ilikuwa kosa, askofu ameibariki, la imegeuka. Siyo kosa tena. Na kama siyo kosa, basi hakuna tena ujinga, na mkono wangu umesamehewa, na Jumapili inayofuata ni yangu. Niliosha soksi nyeupe mwenyewe. Nilikata kucha mpaka zikatoa damu.

Jumapili hiyo nikapanda ngazi kabla yake. Alipofika juu alinikuta nimeketi kwenye benchi, miguu haigusi chini. Akaniambia nishuke. Nikamwambia, kwa heshima zote, jubilei imepita, Baba, na ile nota imebarikiwa. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu vyake.

"Nota gani?"

"Ile ya besi. Niliyokosea."

"Hukukosea kitu," alisema, bila kuinua uso. "Ile nimeitunga mimi. Wewe ulinakili kama ilivyokuwa."

Nikafurahi, mjue. Nikamuuliza, kwa hiyo sikukosea? Akasema sikukosea. Nikamuuliza, kwa hiyo nitapiga?

"Kinanda si kitu cha wasichana," alisema. "Shuka."

Nimeyatafuna maneno hayo miaka yote hii na bado hayamezeki. Ili nota iwe yake ilibidi anisafishe kosa, na alipokwisha kunisafisha hakuwa tena na sababu ya kuninyima benchi, basi akatafuta nyingine, akaiokota palepale chini karibu na viatu vyake. Haikumchukua muda wa kufunga kamba ya pili. Mwizi wa kuku anahangaika zaidi.

Nilikimbilia kwa Mama. Alikuwa cherehanini, pini mdomoni, anapunguza mikono ya majoho. Nikamuuliza, Mama, si niliandika la, si alinisema mbele ya watu, si aliandika neno kwa rangi nyekundu? Mama alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kitambaa. Akaniuliza, baba yako amesemaje? Nikamwambia. Akasema, basi. Akarudisha pini mdomoni.

Na mie nikaanza kujishuku. Aliyekuzaa akikwambia jambo halikutokea, na mwingine aliyekuzaa akinyamaza, utalishikilia kwa kucha gani? Nikawaza labda nililiota. Labda ni wivu wangu. Nilipokuwa mkubwa nilijaribu kuisimulia mara moja, kwa mume wangu, na nikajisikia sauti yangu ikisitasita kama ya mwongo. Akanihurumia, akasema labda ulikuwa mdogo, Tekla. Sikuisimulia tena. Kinanda sikukigusa, nota nilizisahau kwa makusudi, na kanisani nakaa viti vya nyuma karibu na mlango.

Yeye je? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya jubilei hakutunga wimbo ambao hauendi la. Shukrani, la. Matoleo, la. Hata wimbo wa mama mlezi wa chama cha kufa na kuzikana aliupeleka la, masikini ya Mungu. Wanafunzi wake wakapaita mahali hapo "mlango wa Mwalimu" na wakawa wanautia kwenye nyimbo zao, nchi nzima ikawa inashika vitasa. Na ile sala ilikua kama mtoto anayelishwa vizuri. Mwanzoni ilikuwa sala tu. Halafu ikawa sala ya alfajiri. Mara ya mwisho nilipomsikia akihojiwa redioni kulikuwa na mvua, mshumaa, na sauti iliyomwita kwa jina la ubatizo. Alifundisha vijana wengi kinanda, wote wa kiume, na walipomzika walilia kweli. Siwalaumu. Wao walikaa kwenye benchi.

Basi nilipofungua sanduku nilikuwa natafuta kitu cha kamati, lakini natafuta na changu. Chini ya kanzu za kwaya na vile viatu vya soli nyembamba, nikaipata bahasha. Ndani yake karatasi ya wimbo, wino wa buluu, mwandiko wa kuku. Nikaipeleka dirishani. Pale kwenye besi, pa kwanza, karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, kama tulivyokuwa tukikwangua makosa shuleni, hadi mwanga ukapita. Juu ya mkwaruzo imeandikwa la, kwa wino mzito kuliko jirani zake. Do imetoweka. Kilichotoka kwenye sala hakikwanguliwi kwa wembe. Lakini nilijua pia kwamba mkwaruzo si ushahidi. Watasema Mwalimu alijirekebisha, watunzi hujirekebisha, tazameni unyenyekevu wake. Nikaona wataitundika hiyohiyo, na watu watakwenda kuisujudia.

Mama alikuwa ameketi kitandani ananitazama. Ana miaka mingi sasa. Aliinuka, akaenda kwenye droo ya cherehani yake ambayo haijashona kitu miaka, akapekua kati ya zile karatasi za vipimo vya magauni na majoho, akatoa moja iliyokunjwa nne. Akanipa.

Ilikuwa kopi ya stesheneri. Mwandiko wangu wa darasa la tano, wa kusifiwa na masista. Kwenye besi, la. Kuizunguka la, duara jekundu. Pembeni, UJINGA, na mistari miwili chini yake, wa pili umetoboa karatasi.

Nikakaa sakafuni na nafutalini yake. Nililia kwa hasira, nasema ukweli. Nikamuuliza kwa nini hakunipa siku ile, siku ile ya pini.

"Ungemwonyesha," alisema Mama. "Angeichana."

Sijui kama nimemsamehe. Alinipepelea jiko kwa kinanda changu, na siku hiyohiyo alikuwa ameificha karatasi hii kwenye vipimo vya majoho. Vyote viwili ni yeye.

Mwenyekiti wa kamati alikuja Jumanne na bahasha ya kaki na glavu nyeupe, ati asiache alama za vidole. Mama alikaa kochini, mikono mapajani. Nilimpa ile iliyokunjwa nne. Akaikunjua polepole, kwa heshima, akaitazama, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Akaniambia samahani dada, nadhani umekosea, hii ni kopi, na huu si mwandiko wake, huu unaonekana wa mtoto.

"Sisi tulihitaji mwandiko wa Mwalimu mwenyewe," alisema. "Hapa uko wapi?"

Nikamwekea kidole pale kwenye wekundu.

"Huu hapa."